Ile rangi nyekundu kwenye eksirei inamaanisha nini hasa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa tatu radiografia, na mahali ninapofanya mafunzo ya vitendo kuna programu ya akili mnemba inayosoma eksirei za kifua. Ikimaliza inaleta asilimia na pia picha yenye rangi, mahali pengine nyekundu, pengine njano, kwingine bluu. Wenzangu wanasema hiyo rangi ndiyo "atensheni", yaani ndipo kompyuta ilipoangalia na ndiyo sababu ya kusema mgonjwa ana nimonia. Juzi nyekundu ilikuwa begani wakati nimonia iko kwenye pafu na jibu lenyewe lilikuwa sahihi. Naomba kueleweshwa, atensheni ni kitu gani, inasaidia kweli, na hiyo rangi niiamini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeona kitu ambacho wengi wanakipita tu, jibu sahihi ila rangi iko begani. Hilo bega lishike vizuri, tutalirudia. Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe maana linapotosha, mtu akisikia atensheni anadhani ndani ya kompyuta kuna jicho linazunguka, linatazama hapa, linaacha pale. Hakuna jicho. Kilichopo ni mizani, hesabu ya kugawa uzito, kwamba kipande hiki cha picha kihesabike sana, hiki kidogo, na hiki karibu na sifuri.

Kabla yake picha zilikuwa zinasomwa kwa kitu kinaitwa konvolusheni, na bado inatumika sana tu, usidhani imekufa. Ni kidirisha kidogo, mara nyingi pikseli 3 kwa 3, kinapitishwa juu ya picha yote kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Kila kinapotua kinauliza, hapa pana ukingo? pana doa? pana mstari? Ukipanga matabaka mengi ya vidirisha hivyo, la chini linashika mistari, la juu yake linaunganisha mistari kuwa maumbo, mpaka huko juu kabisa linasema hili ni pafu lenye kivuli. Inafanya kazi vizuri mno. Shida yake kidirisha kinawajua majirani zake tu, kwa hiyo kitu cha kushoto kabisa mwa picha na kitu cha kulia kabisa haviwezi kukutana mpaka habari zao zipande matabaka mengi, na zikifika huko zimeshachujwachujwa.

Kwanini hilo ni tatizo hospitali? Chukua kitu unachokifanya wewe mwenyewe, kuangalia kama moyo umetanuka. Unapima upana wa moyo, unapima upana wa kifua kwa ndani, kama moyo umezidi nusu kwenye picha iliyopigwa kutokea mgongoni unaanza kuwa na wasiwasi. Sasa niambie, ugonjwa huo uko pikseli gani? Hauko popote, uko kwenye uhusiano kati ya ukingo wa moyo na ukingo wa mbavu ambao uko mbali kabisa. Na picha ikiwa imepigwa kutokea mbele mgonjwa akiwa kitandani moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, kwa hiyo hata namna picha ilivyopigwa inabidi iingie kwenye hesabu. Kulinganisha mapafu mawili ni hivyohivyo, kuangalia kama koo la hewa limevutwa upande ni hivyohivyo. Nusu ya kazi ya kusoma filamu ni kulinganisha vitu vilivyo mbalimbali.

Hapo ndipo atensheni inapoingia, tufanye hesabu yenyewe kidogo, usiogope ni ya darasani tu. Chukulia eksirei imekatwa vipande vinne tu, ukingo wa moyo, ukingo wa mbavu, tumbo, na kona tupu nyeusi. Kila kipande kinageuzwa kuwa safu ya namba, halafu kutoka kwenye hiyo safu zinatengenezwa safu nyingine tatu. Ya kwanza ni swali, natafuta nini. Ya pili ni kitambulisho, mimi ni nani. Ya tatu ni mzigo, nikiitwa nitaleta nini. Basi ukingo wa moyo unachukua swali lake, unalizidisha na kitambulisho cha kila kipande pamoja na chake mwenyewe, zinatoka alama. Tuseme mbavu zimepata 2, wenyewe umejipa 1, tumbo 0, kona 0. Alama hizo zinapitishwa kwenye kanuni inayozifanya zote ziwe chanya na jumla yake iwe 1, na ukipiga kwenye kikokotoo unapata takriban 0.61, 0.22, 0.08 na 0.08. Maana yake ukingo wa moyo unaondoka hapo na habari mpya ambayo asilimia 61 imetoka mbavuni, 22 ni yake mwenyewe, na ile kona tupu imechangia 8. Vipande vyote vinafanya hivyo kwa pamoja, kila kimoja na swali lake. Basi, ndiyo atensheni hiyo. Na hakuna mtu aliyeiambia kompyuta kwamba moyo uulize mbavu, imejifunza yenyewe kwa kukosea na kurekebishwa mara nyingi mno.

Ila ona kitu kimoja hapo na ukiweke akilini, ile kona tupu imepata asilimia 8 na haina kitu chochote. Kanuni inalazimisha jumla iwe 1, kwa hiyo hata pasipo na la kuangalia uzito lazima utue mahali. Tutakuja kulihitaji hili.

Wazo lenyewe halikuanzia kwenye picha. Mwaka 2014 Bahdanau, Cho na Bengio walilitumia kwenye kutafsiri lugha, ili kompyuta ikitoa neno moja ijue irudi kuangalia maneno gani ya sentensi ya asili. Mwaka 2017 watafiti wa Google wakajenga modeli, yaani mfumo wa kompyuta unaojifunza kwa mifano, iliyoegemea atensheni badala ya konvolusheni na mbinu nyingine za zamani, ndiyo transfoma. Mwaka 2020 wengine hukohuko Google wakauliza, kwani picha haiwezi kuwa sentensi? Wakachukua picha ya pikseli 224 kwa 224, wakaikata viraka vya 16 kwa 16, ukigawa unapata 14 kwa 14, yaani viraka 196, kila kiraka kikawa kama neno. Kuanzia tabaka la kwanza kabisa kiraka cha kona ya juu kinaweza kuongea na kiraka cha kona ya chini bila kumpitia mtu. Katikati hapo kulikuwa na aina nyepesi zaidi, ile iliyoshinda mwaka 2017 mashindano ya kutambua picha za ImageNet, mkusanyiko mkubwa wa picha za kawaida zenye majibu, SENet, yenyewe haiulizi ni wapi kwenye picha, inauliza ni aina gani ya alama ipewe nguvu, iwe kingo au madoa au mikwaruzo, inapandisha hizi na kushusha zile. Ni nyongeza ndogo tu juu ya konvolusheni ya kawaida na bado iko ndani ya programu nyingi.

Sasa faida yake kwenye tiba. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa patholojia, wale wanaochunguza nyama ya mgonjwa kwa hadubini, kwa sababu pale atensheni imetatua tatizo ambalo bila yenyewe lilikuwa linatutesa kwelikweli. Slaidi moja ya nyama iliyokatwa kwa bayopsi ikiskaniwa inaweza kufika pikseli laki moja kwa laki moja. Ukiikata vipande vya 256 kwa 256 unapata zaidi ya laki moja na nusu, hata ukitupa vile vya kioo kitupu bado vinabaki maelfu kwa maelfu. Na daktari wa patholojia ameandika neno moja tu kwenye ripoti, ina saratani au haina. Hajachora duara popote, na hana muda wa kuchora maana ana slaidi nyingine zinamsubiri. Sasa utaifundishaje kompyuta? Kama slaidi ina saratani huwezi kuviambia vipande vyote kwamba nyie ni saratani, pengine ni vipande thelathini tu kati ya maelfu.

Mwaka 2018 Ilse, Tomczak na Welling wakapendekeza njia ambayo ukiisikia unasema kumbe. Slaidi yote ichukuliwe kama mfuko wa vipande, kila kipande kipewe uzito wa atensheni, vichanganywe kufuata uzito huo upate muhtasari mmoja, na jibu moja la daktari lilinganishwe na huo muhtasari. Modeli ikikosea inarekebishwa, na njia pekee ya kuacha kukosea ni kujifunza kuvipa uzito vipande vinavyotofautisha slaidi zenye saratani na zisizo nayo. Yaani neno moja la daktari linashuka lenyewe mpaka kwenye vipande. Baada ya hapo ukivipanga vipande kwa uzito na kumwonyesha mtaalamu kumi vya juu, anapata pa kuanzia badala ya kutembeza slaidi nzima chini ya hadubini. Mimi huwa naona hapo ndipo atensheni inafanya kazi ya kweli, pale kinachotafutwa ni kidogo sana, kimejificha kwenye kikubwa sana, na hakuna mwenye nafasi ya kukichorea mpaka.

Kongosho nalo ni mfano mzuri. Kwenye siti skani ya tumbo kongosho ni dogo, umbo lake linatofautiana mtu na mtu, na limebanwa katikati ya utumbo na mishipa inayofanana nalo rangi. Kuna modeli ya kuchora mipaka ya viungo iliyotoka mwaka 2015, U-Net, inashusha picha mpaka inakuwa ndogo ili ielewe kwa ujumla, halafu inaipandisha tena, na inapopanda inarushiwa maelezo ya kina yaliyohifadhiwa wakati wa kushuka. Tatizo inarushiwa kila kitu, hadi ini na wengu ambavyo havihusiani na ulichotafuta. Mwaka 2018 watafiti wakaweka vizuizi vya atensheni kwenye hizo njia, mfano wa mlinzi getini, yule aliyeelewa picha kwa ujumla anamwambia mlinzi tunatafuta kongosho, wasiohusika wapunguzwe. Kazi ikawa safi zaidi na hesabu haikuongezeka sana.

Kwenye jicho pia kuna kazi kubwa. Transfoma ina njaa ya data, ile ya 2020 ilipofundishwa kwa ImageNet peke yake ilizidiwa na konvolusheni, ilikuja kushinda ilipolishwa picha kama milioni 300. Hospitali gani ina picha milioni 300 zenye majibu? Hakuna. Njia iliyopatikana ni kuifundisha bila majibu kwanza, unaficha sehemu kubwa ya picha, unaiambia jaza palipofichwa, na ili ijaze inalazimika kujifunza mishipa ya damu inapitaje na diski ya jicho inakaa wapi. Modeli ya RETFound iliyotoka mwaka 2023 ilifanyiwa hivyo kwa picha milioni 1.6 za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, na baada ya hapo kuifundisha ugonjwa fulani kunataka picha chache tu zenye majibu. Kwa magonjwa adimu hilo ni jambo kubwa mno.

Gharama zipo. Viraka 196 kila kimoja kiulize wenzake wote na chenyewe ni maulizo 38,416, siyo mbaya. Sasa chukua siti skani yenye picha 300 za 512 kwa 512, ikate vijiboksi vya 16 kila upande, unapata karibu elfu 19 na nusu, na wote waulizane ni takriban milioni 378, kwa tabaka moja tu. Mashine inaishiwa memori. Ndiyo maana kuna aina kama Swin ya mwaka 2021 ambayo viraka vinaongea ndani ya dirisha dogo kwanza, halafu dirisha linasogezwa ili majirani wapya wakutane. Kwa hiyo ukisikia programu inatumia transfoma usidhani moja kwa moja kila kitu kinaongea na kila kitu.

Haya, turudi begani.

Cha kwanza kabisa, hiyo rangi yaweza isiwe atensheni. Programu nyingi za eksirei ramani yao inatokana na mbinu nyingine kama Grad-CAM, ambayo inauliza nikitikisa alama za tabaka la mwisho jibu linabadilika kiasi gani, ni kitu tofauti kabisa na ile mizani niliyokueleza, na inafanya kazi hata kwenye modeli isiyo na atensheni hata tone. Wote wanapaka nyekundu na njano kwa hiyo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ulizeni waliowaletea programu, swali ni fupi tu: ramani hii imetengenezwa kwa njia gani, na inatoka tabaka lipi?

Kama ni Grad-CAM ya tabaka la mwisho basi kuna sababu nyepesi ya nyekundu kuangukia begani. Modeli ya kawaida ya konvolusheni ikipokea picha ya 224, tabaka lake la mwisho linakuwa na miraba 7 kwa 7 tu. Miraba 49 kwa kifua kizima! Filamu ya kifua upana wake ni kama sentimita 35 mpaka 43, gawa kwa 7, mraba mmoja unafunika sentimita 5 au 6 za mgonjwa. Halafu programu inaivuta ile miraba 49 mpaka iwe saizi ya filamu na kuilainisha kingo, inatoka wingu zuri linalopendeza ambalo linaonekana kama limechorwa kwa ustadi kumbe ni mraba uliovutwa. Kivuli kikiwa juu ya pafu karibu na mtulinga, wingu linaweza kumwagika begani kirahisi tu. Nimonia ya mgonjwa wako ilikuwa upande gani na juu au chini? Kama ilikuwa juu upande uleule, hii ndiyo sababu ninayoiwekea uzito. Kama ilikuwa chini au upande wa pili, endelea kusoma.

Kama ni transfoma kuna mawili mengine. Moja, vipande vinabadilishana mizigo kila tabaka, kwa hiyo ukifika tabaka la kumi na mbili kiraka kilichokaa begani hakijabeba habari za bega peke yake, kimeshabeba za pafu, za moyo, za kila mtu aliyempa mzigo. Nyekundu begani inasema kiraka kile kimetumika, haisemi bega limetumika. La pili ni ile kona tupu niliyokwambia uikumbuke. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba transfoma kubwa za picha zina tabia ya kuchukua viraka visivyo na kitu, vya mandhari ya nyuma, na kuvigeuza daftari la kuandikia habari za picha nzima, vinawaka kwenye ramani kama taa wakati mahali penyewe hapana kitu. Walipoiongezea modeli viraka vya ziada visivyo sehemu ya picha, kama kuipa daftari lake rasmi, ile mitaa mitupu ikatulia na ramani zikasafika. Kwa hiyo nyekundu mahali pa ajabu inaweza ikawa utunzaji wa kumbukumbu tu.

Sababu ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi mimi, na ndiyo nataka uikague kabla ya zote. Herufi ya kuonyesha kushoto na kulia mnaiweka wapi kwenye filamu? Mara nyingi ni huko huko karibu na bega. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu modeli za nimonia ulionyesha modeli ilikuwa inatambua picha imetoka hospitali gani karibu bila kukosea, na ramani zilionyesha alama za chuma za pembeni zikichangia. Hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, basi kujua hospitali ni nusu ya jibu. Modeli haikudanganya, ilifanya ulichoiomba, ipate jibu, na njia rahisi ya kulipata ilikuwa kwenye kona. Kwenye seti maarufu ya picha 112,120 za kifua imekutwa kitu kinachofanana, wengi wa waliokuwa na hewa nje ya pafu walikuwa tayari wameshawekewa mrija wa kifuani, modeli ikajifunza mrija, na kwa wasio na mrija ambao ndio wanaohitaji kugunduliwa haraka ikawa dhaifu zaidi. Kwenye ngozi wamekuta rula, kwa sababu daktari akiwa na wasiwasi na doa anaweka rula pembeni apime, modeli ikaona rula ikasema saratani.

Niliwahi kukaa wiki mbili na modeli ya kifua iliyokuwa inafaulu vizuri mno kwenye data ya mahali ilipofundishwa. Tukaanza kuziba, boksi jeusi juu ya pafu lenye ugonjwa, jibu likashuka kidogo tu. Boksi juu ya kona yenye maandishi ya mashine, jibu likaanguka. Maandishi yale yalikuwa yanatofautisha mashine ya kupelekwa wodini na ile ya chumba cha eksirei, na aliyepigwa picha kitandani kwa kawaida ni yule aliyezidiwa hawezi kutembea. Modeli ilikuwa inasoma nani kazidiwa, haisomi pafu. Ramani yake? Ilikuwa imewaka kwenye pafu pia, inapendeza, ungeiona ungeiamini. Tangu siku hiyo siangalii ramani kabla sijaziba.

Hilo la kuziba unaweza kulifanya wewe kama programu inakubali kupokea picha za majaribio na msimamizi wako ameruhusu, kwa nakala isiyo na jina la mgonjwa na nje ya mfumo wa ripoti. Chukua picha ile ya bega. Ziba herufi na maandishi, piga tena, angalia asilimia. Rudisha, ziba bega lenyewe, angalia. Rudisha, ziba kivuli cha nimonia, angalia. Usitumie boksi jeusi peke yake maana nalo ni kitu kigeni kwa modeli, jaribu pia kulijaza kwa rangi ya wastani ya pale. Ukiziba pafu jibu likaanguka na ukiziba bega lisitikisike, basi programu ilisoma pafu na rangi ndiyo ilikaa vibaya. Ikiwa kinyume, mpelekee msimamizi wako siku hiyohiyo na matokeo yote matatu yakiwa yameandikwa, hata kama jibu la juzi lilikuwa sahihi, kwa sababu sahihi ya namna hiyo itakuja kukosea mahali mashine ikibadilishwa.

Na usifikiri udhaifu huu ni wa kompyuta pekee. Mwaka 2013 wataalamu wa radiolojia 24 walipewa siti skani za mapafu watafute vinundu, na kwenye mojawapo watafiti wakapachika picha ya sokwe, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha wastani. Ishirini hawakumwona. Vifaa vya kufuatilia macho vikaonyesha wengi wa hao ishirini macho yao yalitua palepale alipokuwa. Ukichora ramani ya macho yao ingekuwa nyekundu juu ya sokwe, na ukisema basi wamemwona utakuwa umekosea. Mahali jicho lilipotua na sababu ya jibu ni vitu viwili, kwa mtu na kwa modeli.

Kwa hiyo ukiniuliza niiamini au nisiiamini, mimi nasema itumie kama mahali pa kwenda kuangalia tena, siyo kama sababu ya kuandika kwenye ripoti. Na mpangilio una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2023 wasomaji 27 wa picha za matiti walipewa mapendekezo waliyoambiwa ni ya akili mnemba, mengine yamewekwa makosa kwa makusudi. Hata wale wenye uzoefu mkubwa usahihi wao uliporomoka kutoka kama asilimia 82 pendekezo likiwa sahihi mpaka kama 45 likiwa la makosa, na wachanga walianguka zaidi ya hapo. Wewe bado ni mchanga kwenye kazi, na silisemi kwa kukudharau, nalisema kwa sababu macho yako ndiyo kwanza yanajengeka na ukiyazoesha kusubiri rangi yatakuwa yanasubiri rangi maisha yote.

Fanya hivi kuanzia zamu yako ijayo. Fungua filamu ramani ikiwa imezimwa, andika unachokiona kwenye karatasi, upande gani, juu au chini, moyo umezidi nusu au la, herufi iko wapi, picha imepigwa mgonjwa akiwa kitandani au amesimama. Ndipo uwashe rangi. Zikipishana usifute ulichoandika, weka alama kwamba zimepishana kisha mwite mkubwa wako muangalie pamoja. Hizo za kupishana zikusanye, zikifika ishirini au thelathini nitumie maelezo yake, bila picha wala majina ya wagonjwa, na ukiweza kupata jibu la lile swali la ramani inatoka tabaka lipi liweke juu kabisa, maana nitaanzia hapo.